Kisiki cha kayaba si kuni tu: Ufundi wa bonsai unavyoweza kustawi Majengo

MWENYE ploti katika mtaa wa Majengo anapopata fedha za kujenga ukuta wa mawe, kazi ya kwanza wanayopewa vibarua huwa ni kung'oa ua wa kayaba uliozingira boma tangu enzi za wazee.

Matawi hukatwa kwa panga na kuchomwa papo hapo, kwa kuwa hakuna anayetaka kuikanyaga miiba yake. Visiki, ambavyo baadhi vina unene wa paja la mtu mzima, hupasuliwa kuni. Jua linapotua, mmea uliochukua nusu karne kukomaa huwa umekuwa majivu.

Hali hiyo hushuhudiwa katika Majengo ya Embu na vilevile katika Majengo ya Meru, mitaa miwili inayotumia jina moja, mmoja ukiwa kusini-mashariki mwa Mlima Kenya na mwingine kaskazini-mashariki. Kote kuwili ardhi ni finyu, nyumba zimebanana, na ua wa miti huonekana kuwa anasa inayomeza futi mbili tatu za ploti ambazo zingetosha chumba cha kukodisha.

Hata hivyo, kisiki kinachotupwa motoni ndicho hasa kinachosakwa na watu wa mataifa mengine wanaoshughulika na bonsai, yaani sanaa ya kukuza mti ndani ya chombo kifupi na kuuunda hadi ufanane na mti mkubwa wa porini. Barani Ulaya, wapenzi wa sanaa hiyo huulizia kwa wakulima ni wapi ua mkuukuu unang'olewa, nao hufika na majembe kabla ya trekta. Wanachokitafuta ni shina nene, fupi na lililopindapinda la mti wa miiba uitwao hothoni.

Majengo hakuna hothoni. Kuna kayaba, na kwa kazi hii tofauti kati ya mimea hiyo miwili si kubwa kama inavyodhaniwa.

Sanaa ya miaka mingi

Neno bonsai ni la Kijapani, nalo lina maana ya kilichopandwa katika sinia au chombo kisicho na kina. Asili ya sanaa yenyewe ni Uchina. Katika kaburi la mwanamfalme Zhanghuai, lililochorwa mwaka wa 706, kuna picha ya watumishi waliobeba vyombo vyenye mimea na mawe madogo. Wajapani waliipokea sanaa hiyo na kuipa kanuni walizozifuata kizazi baada ya kizazi.

Ikumbukwe kwamba bonsai si aina ya mti. Hakuna mbegu ya bonsai, na anayeuza mbegu kwa jina hilo sokoni anamdanganya mnunuzi. Mti wowote wenye shina gumu waweza kugeuzwa bonsai iwapo utastahimili kukatwa mizizi na matawi mara kwa mara. Ukirudishwa ardhini na kuachwa, utakua na kuwa mrefu kama wenzake.

Wala si kweli kwamba mti wa namna hiyo huishi maisha mafupi. Huko Washington, Marekani, katika jumba la makumbusho la bonsai lililo ndani ya Bustani ya Kitaifa ya Miti, kuna msonobari ulioanza kutunzwa chunguni mwaka wa 1625. Familia ya Yamaki ya Hiroshima ndiyo iliyoumiliki, na ulikuwa nyumbani kwao, umbali wa takribani kilomita tatu kutoka mahali lilipolipuka bomu la atomiki mwaka wa 1945. Ukuta wa boma uliukinga. Familia hiyo iliutoa zawadi kwa Marekani mwaka wa 1976 bila kutaja yaliyoupata, na siri hiyo ilifahamika huko mwaka wa 2001 pale wajukuu wa Bwana Yamaki walipofika kuutazama.

Nyua mbili, historia zinazofanana

Hothoni, ambao wanasayansi huuita Crataegus monogyna, ni mti wa Ulaya wenye miiba mikali, maua meupe na matunda madogo mekundu. Nchini Uingereza ulipata umaarufu kati ya miaka ya 1750 na 1850, wakati sheria za Bunge zilipoigawa ardhi iliyokuwa ikitumiwa na wanakijiji kwa pamoja na kuikabidhi kwa wamiliki binafsi. Kila mmiliki alilazimika kuonyesha mpaka wake, na hothoni ndio uliopandwa kwa wingi, kwa sababu hukua haraka na ng'ombe hawaupenyi.

Mkazi wa Embu au Meru hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mwaka wa 1954, serikali ya kikoloni ilitangaza mpango wa Swynnerton, na katika miaka iliyofuata mashamba ya nyanda za juu yalipimwa, yakaunganishwa na kuandikishwa kwa majina ya wenyewe. Mipaka mingi haikuwekewa vigingi vya saruji. Iliwekwa kwa miti na vichaka vilivyopandwa kwa mstari ili vionekane katika picha zilizopigwa kutoka angani. Mimea ya aina nyingi ilitumika, na kayaba ilikuwa miongoni mwake.

Kayaba nayo ni mgeni. Jina lake la kisayansi ni Dovyalis caffra, na chimbuko lake ni kusini mwa Afrika, katika eneo la Mto Kei nchini Afrika Kusini. Jina tunalolitumia linaelekea kuwa limetokana na mto huo pamoja na neno la Kiingereza la tofaa, ambayo ndiyo sura ya tunda lake la manjano. Miiba yake hufikia urefu wa sentimita tano na zaidi, na hupenya kandambili pamoja na mpira wa baiskeli.

Ua hukatwa kila mwaka ili usirefuke, na humo ndimo ilimo siri ya thamani ya visiki vyake. Mti unaokatwa juu mara kwa mara hunenepa chini. Shina hujikunja, hupata makovu, na pengine huoza katikati likabaki pango, ilhali gome la nje lingali hai. Sura hiyo ya uzee ndiyo mwenye kupanda bonsai kutoka kwenye mbegu huisubiri kwa miaka thelathini au arobaini. Mwenye kisiki cha ua huipata siku ya kwanza.

Kwa nini si hothoni

Baadhi ya vijana waliosoma kuhusu bonsai katika vitabu vya Ulaya au kwenye intaneti hutamani kuagiza hothoni wenyewe. Ushauri wa busara ni kuwa waachane na wazo hilo.

Hothoni ni mti wa nchi zenye majira ya baridi. Mbegu yake huhitaji kukaa katika baridi kwa miezi kadhaa ndipo ichipuke, na mara nyingi huchukua mwaka mmoja na nusu. Mti wenyewe hupukutisha majani, hulala miezi ya baridi kali, kisha huamka. Mji wa Meru uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na ule wa Embu hauko mbali nao. Urefu wa mchana haubadiliki, barafu haidondoki, na hakuna kinachouambia mti kama huo kwamba wakati wa kulala umefika. Mti usiolala hudhoofika.

Kuna pia suala la magonjwa. Hothoni ni wa ukoo mmoja na tofaa, peasi na lokwati, na ni miongoni mwa mimea inayoshambuliwa na bakteria wa Erwinia amylovora, ambao huyafanya matawi yanyauke na kuwa meusi kana kwamba yamepitiwa na moto. Ndiyo maana mimea hai haiingizwi nchini pasipo kibali cha KEPHIS, taasisi ya serikali inayosimamia afya ya mimea. Mche mmoja uliofichwa mkobani ukivuka uwanja wa ndege waweza kumgharimu mkulima wa matofaa asiyejua hata bonsai ni nini.

Anayetaka jamaa wa karibu wa hothoni anaweza kutafuta pirakantha, kichaka cha miiba chenye matunda mekundu au ya rangi ya chungwa ambacho kimepandwa katika bustani nyingi za nyanda za juu za Kenya. Kiasili cha kutafutwa ni mtandamboo, ambao wengi hapa huuita mukawa, wenye maua meupe yanayonukia na matunda meusi ambayo watoto huyachuma. Lakini kwa unene wa shina na wingi wa visiki, kayaba haina mpinzani.

Ujuzi uliopo tayari

Huenda msomaji akaiona sanaa hii kuwa ya kigeni mno. Ukweli ni kwamba wakazi wa sehemu hizi wamekuwa wakiitenda bila kuipa jina.

Mchai unaovunwa kwa ajili ya viwanda vya Mungania na Rukuriri huko Embu, au Kionyo na Githongo huko Meru, ni mti. Ukiachwa hukua kupita kimo cha nyumba. Mkulima huuzuia usipite kiuno chake kwa miaka hamsini, kwa kuchuma ncha zake na kuukata kila baada ya miaka michache, nao hunenepa shina na kuchipua upya. Mkulima wa kahawa naye anajua ni tawi lipi la kuondoa ili mwanga uingie katikati, na anajua kwamba shina lililochoka hukatwa chini ili chipukizi changa lichukue nafasi yake.

Ustadi mkubwa zaidi uko Igembe. Huko, miti ya miraa hurithiwa, na mikongwe kabisa, ambayo mazao yake hujulikana kwa jina la mbaine, ina mashina yenye mafundo na mikunjo ambayo fundi wa Kijapani angesafiri kwenda kuyatazama. Mwenye shamba huyakata matawi kwa hesabu, akijua jicho lipi litatoa chipukizi. Mmea uo huo ukitunzwa kwa namna ya kichaka kifupi katika sehemu kavu za Embu ndio muguka. Mti mmoja, mikono miwili, maumbo mawili.

Hoja kwamba bonsai ni kuutesa mti nayo haina uzito mbele ya mifano hiyo. Wapo wazee wanaoitoa kwa dhati, na haifai kuwacheka. Lakini anayesema kukata mti ni kuutesa itambidi aanze na shamba lake la chai.

Wakati wa kung'oa

Panapoharibika ni kwenye majira. Vitabu vya Ulaya humwagiza msomaji ang'oe mti mwishoni mwa baridi, kabla ya machipukizi kufunguka. Maneno hayo hayana maana Majengo. Hapa saa ya mti ni mvua.

Kisiki kinachong'olewa mwezi wa Januari, jua likiwaka na ardhi imekauka, hufa hata kikimwagiwa maji asubuhi na jioni, kwa sababu majani hupoteza maji kuliko yale ambayo mizizi iliyokatwa inaweza kuyavuta. Kikingolewa mvua ya masika inapoanza, katika nusu ya pili ya Machi, au ile ya vuli mwezi wa Oktoba, hewa huwa na unyevu na mti huwa na nguvu za kuota mizizi mipya. Upande huu wa mlima vuli aghalabu ndiyo mvua ya kutegemewa zaidi.

Kwa hivyo anayefahamu kwamba jirani atajenga ukuta mwezi wa Februari afadhali amwombe avumilie wiki chache, au akate matawi na kukiacha kisiki ardhini hadi mvua inyeshe.

Kumwomba si adabu tu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012 inamfanya anayeondoa au kuharibu alama ya mpaka bila idhini kuwa mhalifu, na pale ambapo ua ndio mpaka, kisiki ni sehemu ya alama hiyo. Anayekichimba usiku kwa sababu amekipenda aweza kuwasha kesi ya ardhi baina ya koo mbili. Idhini itolewe na wenye ploti zote mbili, na yafaa itolewe mbele ya mashahidi.

Kabla ya kuchimba, gome likwaruzwe kidogo kwa ukucha. Ngozi ya chini ikiwa ya kijani na yenye unyevu, mti u hai. Kisha udongo uondolewe shinani ili mizizi ya juu ionekane. Kisiki kizuri ni kile ambacho mizizi yake imetandaa pande zote kama vidole vilivyoshika ardhi, na ambacho shina ni nene chini na hupungua kadiri linavyopanda. Kisiki kilichonyooka mithili ya mwiko wa ugali, unene mmoja chini hadi juu, kiachiwe wapasuaji kuni.

Shina hukatwa kwa msumeno, si kwa panga, libaki na urefu wa sentimita 20 hadi 30. Panga hupasua. Mtaro huzungushwa umbali wa kama futi moja kutoka shinani, mizizi minene ikikatwa kwa msumeno na ile midogo kama nyuzi ikihifadhiwa, maana hiyo ndiyo inayokunywa maji. Mzizi mkuu unaokwenda chini ndio hukatwa wa mwisho. Hapo kisiki hufungwa katika gunia lililoloweshwa na kupelekwa nyumbani mara moja, kisiachwe juani hata kwa muda wa kunywa chai.

Glavu za ngozi ni za lazima. Mwiba wa kayaba uliovunjikia kidoleni huvimba na kumlaza mtu siku kadhaa.

Udongo na chombo

Udongo mwekundu wa volkano unaosifiwa kwa kahawa na mahindi haufai chunguni ukiwa peke yake. Shambani una kina kirefu cha kupitisha maji. Katika chombo hushikamana, hukauka ukawa kama tofali, na ukilowa hukosa hewa, mizizi ikaoza.

Mchanganyiko unaofaa huwa na sehemu kubwa ya vitu vya chengachenga: mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa, changarawe ndogo, na mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa pale yanapopatikana. Sehemu ndogo iwe mboji iliyooza barabara. Vyote vichekechwe na vumbi litupwe. Maji yakimwagwa juu yatokee chini kwa sekunde chache. Yakituama, mchanganyiko haufai.

Katika miaka ya mwanzo kisiki hakihitaji chungu cha kupendeza. Sanduku la mbao za mukima lililogongelewa na fundi wa mtaani latosha, au karai kuukuu lililotobolewa matundu mengi chini. Chombo cha mwisho, kile kifupi, ni cha baada ya miaka minne au mitano. Wengi hukosea hapa: hukiingiza kisiki kibichi katika sinia ili kipigwe picha, na baada ya mwezi hakuna cha kupiga picha.

Mwaka wa kutogusa

Baada ya kupandwa, kisiki hufungwa kwa kamba kisitikisike, kikawekwa kivulini penye mwanga kwa wiki sita hivi. Hakipewi mbolea. Machipukizi ya kwanza humfurahisha mwenyewe, lakini hayathibitishi lolote, kwani kisiki chaweza kuchipua kwa akiba iliyo shinani bila ya kuwa na mzizi hata mmoja mpya. Visiki vingi hufa mwezi wa tatu, baada ya kusherehekewa.

Kwa mwaka mzima usikatwe hata jani. Matawi yaachwe yaende yanakotaka, kwa maana majani ndiyo yanayotengeneza mizizi.

Mwaka wa pili matawi huchaguliwa. Machache hubakizwa, mengine huondolewa, na yaliyobaki huzungushiwa waya na kupindwa polepole. Waya wa shaba uliobaki kwa fundi wa umeme hufaa sana. Tahadhari moja haimo katika vitabu vya nchi za baridi: huko waya hukaa mwaka mzima, lakini hapa ambapo mti haulali, tawi hunenepa na waya huzama katika gome baada ya miezi miwili mitatu. Ukaguliwe kila wiki, na ukatwe vipande vipande kwa koleo badala ya kufunguliwa, tawi lisije likavunjika.

Kuhusu umbo, si lazima kuiga msonobari wa Japani. Afrika Kusini ina umbo lake liitwalo Pierneef, lililopewa jina la mchoraji Jacob Hendrik Pierneef aliyeishi kati ya 1886 na 1957, na ambaye michoro yake ilijaa migunga yenye vichwa bapa kama mwavuli. Mtu yeyote aliyeteremka kutoka Embu kwenda Mbeere ameiona miti ya sura hiyo ikiwa imesimama katika uwanda. Kayaba hukubali kuundwa hivyo, ingawa tabia yake ya asili ni kujaa matawi kila upande, na mkasi wa kupogolea kahawa hautapumzika.

Msitu usiguswe

Ufundi huu una kishawishi chake. Ukisifiwa, kuna watakaoona njia ya mkato ya kupanda mlimani na kuchimba mizeituni ya porini iliyodumazwa na upepo na miamba.

Msitu wa Mlima Kenya hulindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka wa 2016, na kutoa mmea humo bila leseni ni kosa. Mlima wenyewe umo katika orodha ya Unesco ya urithi wa dunia tangu 1997. Mbali na sheria, mti uliozoea baridi ya mwinuko ule haudumu katika joto la mabati ya Majengo. Kwa hiyo mwizi hupoteza mara mbili, na msitu mara moja lakini moja kwa moja.

Mugumo nao unahitaji uangalifu wa aina yake. Kibotania ni mti mwepesi kuliko yote kwa bonsai: kipande cha tawi huota mizizi, na majani huwa madogo bila taabu. Lakini miongoni mwa Waembu na Wameru mugumo ni mti wa ibada na viapo, na huko Meru misitu mitakatifu kama Giitune imenusurika kwa sababu wazee waliiheshimu. Mche ulionunuliwa kwa muuza miche kando ya barabara hauna ubishi. Tawi lililokatwa kwenye mti ambao wazee hukutana chini yake ni habari nyingine, na kijana atakayefanya hivyo asishangae akiitwa kujieleza.

Maji, na tunda

Kinachoua bonsai nyingi baada ya kupona ni safari. Chombo kifupi hubeba udongo wa viganja vichache, na katika jua la Januari na Februari hukauka kati ya asubuhi na jioni. Mwenyewe akienda mazishini kwa siku tatu bila kuacha mtu wa kumwagilia, hurudi akakuta majani yamekauka yangali mtini.

Katika mitaa ambayo mifereji hukauka kwa siku kadhaa, hilo si jambo dogo. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Ya sabuni hayafai. Akina mama wa Majengo waliozoea kuotesha rehani na asumini katika mikebe ya mafuta ya kupikia hulijua jambo hili kuliko wanavyolijua wanaume, na yamkini mti uliokabidhiwa nyanya utaishi kuliko ule wa mjukuu aliyeuchimba. Chombo kikiwekwa juu ya sinia yenye changarawe na maji, pasipo matundu yake kuzama, hupata nafuu wakati wa ukame. Kila baada ya miaka miwili mvua inapoanza, mti hutolewa, thuluthi ya mizizi hukatwa, na udongo hubadilishwa.

Atakayetaka matunda ajue jambo moja kabla ya kuchimba. Kayaba ina miti dume na miti jike, na ni jike peke yake linalozaa, tena likiwa karibu na dume. Ua mrefu huwa na mchanganyiko wa yote mawili, kwa hiyo visiki vichimbwe zaidi ya kimoja, ikiwezekana kutoka sehemu mbalimbali za mstari. Majani hupungua ukubwa mti unapokaa chunguni, lakini tunda halipungui. Litabaki na upana wake wa sentimita tatu hivi, la manjano, chachu kama ndimu, likining'inia kwenye mti usiofika magotini, na tawi litahitaji kuegemezwa kwa kijiti hadi livunwe.